Ziwa Victoria liliwahi kukauka kabisa. Sasa hawa samaki walitoka wapi?

#1 MwanaKirumba
Wakuu, habari za usiku. Kuna jambo nimelisoma linaninyima usingizi, nikaona nililete kwa wadau wa Kanda ya Ziwa.

Hili ziwa letu, kilomita za mraba zipatazo 68,800, kubwa kuliko yote Afrika, liliwahi kukauka. Sisemi kupungua. Kukauka. Wanasayansi wanasema kama miaka 15,000 na kidogo iliyopita, hapa palikuwa mbuga ya majani. Mtu angetoka Mwanza akafika Bukoba kwa miguu, akiwinda njiani. Kisha maji yakarudi.

Miaka 15,000 kwa mambo ya dunia ni juzi tu. Watu walishakuwepo, wana lugha, wana watoto. Na hapo ndipo ninapokwama: leo ziwa hili lina aina zipatazo 500 za furu, wale samaki wadogo, na karibu wote huwapati popote pengine duniani. Kama lilikauka, walitoka wapi? Mwenye kujua ashuke na hoja.

#2 KijanaWaIgoma
Mkuu, hiyo ni chai. Bahari yote hii ikauke, halafu Ziwa Tanganyika libaki na maji yake? Nani alikuwepo akapima?

#3 MsomajiKimya
Nimeshaweka kigoda. Endeleeni.

#4 Ticha_Misungwi
KijanaWaIgoma, hoja yako ya Tanganyika ndiyo inayojibu swali lenyewe. Victoria ni sinia, Tanganyika ni kisima. Tanganyika inashuka mita zipatazo 1,470. Victoria, kwa ukubwa wake wote, pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, na wastani ni mita 40 hivi. Ukilisimamisha jengo la ghorofa thelathini katikati ya ziwa, ghorofa za juu zitabaki nje.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Watu wengi wanadhani ziwa linajazwa na mito. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kagera, Mara, Simiyu, Nzoia na wenzao wote kwa pamoja wanaleta kilichobaki. Na maji yanayotoka, sehemu kubwa mno hayaendi Jinja kwenye Nile, yanapanda juu kwa jua. Kwa hiyo mvua ikikata kwa karne kadhaa, na jua likiendelea na kazi yake, hesabu unaijua mwenyewe.

Enzi hizo kaskazini ya dunia ilikuwa chini ya barafu, bahari zimepoa, mvua za ukanda wetu zikadhoofika. Ziwa Albert nalo lilikauka.

Kuhusu aliyepima: miaka ya 1990 watafiti walizamisha mabomba kwenye matope ya katikati ya ziwa, wakavuta matope yakiwa yamepangana kama yalivyotulia. Juu yakaja matope laini ya ziwa. Chini yake wakakuta tabaka gumu lililokauka, lenye nyufa na vijizizi vya majani. Vijizizi, pale ambapo leo kuna maji ya kuzamisha meli! Halafu wakapitisha mawimbi ya sauti, wakaona tabaka hilo linaendelea mpaka sehemu yenye kina kirefu kuliko zote.

#5 KijanaWaIgoma
Vijizizi nimekubali. Lakini je, hapakubaki hata bwawa moja mahali? Matundu machache ya bomba hayawezi kusema habari za ziwa zima.

#6 Nahodha_Mstaafu
Vijana hamjambo. Nimepita njia ya Mwanza–Bukoba sehemu kubwa ya maisha yangu. Naongeza la kwangu.

Chini ya ziwa hili, ukishaacha visiwa na miamba ya pwani, ni tambarare. Tulikuwa tunatembea usiku, chombo cha kupimia kina kinaonyesha namba ileile, inapanda kidogo inashuka kidogo, saa kwa saa. Wazee waliotufundisha kazi walikuwa wanatumia bildi, risasi ya kilo kadhaa iliyofungwa kamba yenye mafundo. Chini ya bildi unapaka mafuta mazito, ikigusa chini inapanda na sampuli. Katikati ya ziwa ilipanda na tope jeusi laini, siku zote lilelile. Hakuna bonde kubwa ambalo maji yangejificha. Kwa hiyo bwawa la KijanaWaIgoma, kama lilikuwepo, lilikuwa dogo.

Na msione ziwa ni kitu kilichotulia. Mvua za Uhuru, mwaka 1961, zilianza ziwa likiwa mahali pake. Kufika 1964 lilikuwa limepanda mita mbili na nusu hivi. Mashamba ya pwani yalikwenda, na miembe ilikufa imesimama majini.

#7 KijanaWaIgoma
Shikamoo mzee.

#8 Nahodha_Mstaafu
Marahaba.

#9 MkereweNansio
Aliyosema Nahodha tuliyaona tena 2020. Mwezi Mei maji yalifika kiwango kilekile cha 1964. Kibanda changu cha kuuzia mafuta ya mashine pale mwaloni kilibaki na kenchi tu juu ya maji. Jirani yangu alikuwa akienda dukani kwake kwa mtumbwi, anafungua kufuli akiwa amekaa. Sasa kama ziwa linaweza kupanda hivyo kwa misimu michache ya mvua, kushuka nako kunawezekana. Mimi nimemuelewa mleta uzi.

#10 MpenziWaFuru
Uzi mzuri, asante MwanaKirumba. Nafanya kazi za samaki, hasa hawa hawa furu, kwa hiyo naomba nieleze mabishano yalivyo, maana watu wa fani wenyewe hawajaafikiana.

Wa kwanza wanasema: ziwa lilikauka kweli, lakini pembeni yalibaki mabwawa, vijito na vinamasi vya mafunjo, na furu wachache wakajibanza humo. Maji yaliporudi wakatawanyika. Katika ziwa jipya kila kona iko wazi: wengine wakajifunza kuponda konokono, wengine kukwangua mwani kwenye miamba, wengine kula magamba ya wenzao, wengine kuwafyonza mama wenzao watoto mdomoni. Kila kazi ikatengeneza meno yake na taya lake. Kwa hoja hii, aina zote 500 ni za miaka 15,000. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo linalojulikana kwa kasi kama hiyo.

Wa pili wanasema haiwezekani. Geoffrey Fryer, mtaalamu mkubwa wa samaki wa maziwa ya Afrika, aliipinga hoja hiyo kwa nguvu. Kwake, aina nyingi kiasi hiki zinahitaji muda mrefu zaidi, kwa hiyo lazima ziwa halikukauka kabisa.

Wa tatu wametazama vinasaba, wakasema mababu wa furu wetu walikuja kutoka Ziwa Kivu.

Wa nne ndio wapya zaidi. Kwamba zamani, kabla hata ya ukame huo, furu wa upande wa Kongo walikutana na furu wa upande wa Nile ya juu, wakazaliana. Watoto wakawa na mchanganyiko mkubwa wa vinasaba. Maji yaliporudi, vinasaba vilikuwa tayari vipo, ni kupangwa upya tu. Ndiyo maana ikawa haraka.

#11 Mhaya_wa_Kashai
Mimi niko na wa tatu. Kivu, kisha Kagera, kisha ziwani. Yaani samaki wenu wote mmeletewa na sisi watu wa Kagera, na hamjawahi kusema asante.

#12 Ticha_Misungwi
Mhaya, pole pole. Kivu haimwagi Kagera. Leo inamwaga kusini kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika. Zamani maji ya eneo hilo yalikwenda kaskazini, mpaka volkano za Virunga zikapanda na kuziba njia. Kwa hiyo samaki wa Kivu kufika Victoria inabidi umweleze njia aliyopita, na si rahisi.

#13 Mhaya_wa_Kashai
Ticha, mito inabadilisha njia. Kagera yenyewe zamani ilikuwa inatiririka kwenda magharibi. Ardhi ya kule ilipoinuka, maji yakageuka kuja mashariki, yakajaa bondeni, ndipo hili ziwa likazaliwa, kama miaka 400,000 iliyopita. Umefundisha mwenyewe darasani, najua. Mto ulioweza kugeuka na kurudi ulikotoka hautashindwa kubeba furu wawili watatu.

#14 Ticha_Misungwi
Hiyo ya kugeuka ni kweli kabisa, na Katonga ya Uganda vilevile. Njia ya kutoka Kivu ndiyo bado sijaipata.

#15 Mama_Dagaa
Jamani mnaongea furu, furu, wengine hamjawahi kumshika. Mimi niko Mwaloni Kirumba toka msichana.

Furu mdogo unampata kwenye fungu la dagaa, amechanganyika. Tukianika kwenye chanja tunawachambua. Sasa ukimkuta jike ana kidevu kimevimba, mbonyeze taratibu pembeni ya mdomo: anatema mayai ya manjano, au watoto wenye macho tayari, wanarukaruka kiganjani. Anawalea mdomoni. Bibi yangu alikuwa akikuta hivyo anamrudisha ziwani na watoto wake, anasema huyo ana kazi bado.

Nauliza tu: samaki huyo mwenye watoto mdomoni, si ndiye angefaa kusafiri na maji kidogo?

#16 MpenziWaFuru
Mama, swali lako ni zito. Ndiyo. Jike mmoja akisukumwa na mafuriko mpaka kijito kingine, amehamisha ukoo mzima. Na linaondoa nadharia moja ya mtaani, kwamba mayai ya samaki yanabebwa na ndege kwenye miguu. Furu haachi mayai kwenye majani yakabandika miguu ya korongo. Yako mdomoni.

#17 Fundi_Boti_Igombe
Hamjamtaja kamongo! Huyo ndiye mwenye jibu. Kamongo ana mapafu. Ukimtoa majini anakoroma kama mtu mwenye mafua. Ukame ukija, jamii hiyo ya samaki inaingia kwenye tope, inajifunika na ute unaokauka kama karatasi, inalala humo miezi, hata miaka, ikingoja mvua. Baba yangu aliwahi kuchimba tope la mpunga akamtoa mmoja, tukadhani gogo, mpaka lilipopumua.

#18 MpenziWaFuru
Kamongo namkubali, ukoo wake una karibu miaka milioni 400. Lakini furu hana mapafu. Hoja ya kamongo inamwokoa kamongo peke yake. Na kambale kidogo, kwa kuwa naye anavuta hewa.

#19 MdauKisumu
Habari zenu majirani. Nawasoma kutoka upande wa Kenya, tuna asilimia 6 tu ya ziwa lakini mdomo tunao wa kutosha.

Nina ushahidi wa mbuga. Kisiwani Rusinga, huku kwetu, kumechimbuliwa mifupa ya mnyama anayeitwa Rusingoryx, jamaa wa nyumbu, aliyekuwa na pua imevimba juu ya kichwa, ndani wazi kama tarumbeta. Watafiti wanafikiri alikuwa akitoa sauti nzito kwa pua hiyo. Alikufa makumi ya maelfu ya miaka kabla ya ukame tunaouzungumzia, lakini alikuwa mla majani wa mbugani, na makundi makubwa hayaishi kisiwani. Maana yake ziwa lilishuka zaidi ya mara moja.

Pili, mkitaja samaki wa asili, msije mkasema sato. Sato huyu mnayemla leo ni mgeni. Aliletwa miaka ya 1950, miaka ileile ambayo sangara, sisi tunamwita mbuta, alianza kutiwa upande wa Uganda.

#20 Mama_Dagaa
Sato mgeni? Sato huyu huyu? Mdogo wangu wa Kisumu, kuwa na adabu.

#21 MdauKisumu
Dada, kwa heshima zote. Mwenyeji ni ngege. Mwili wake mtamu kuliko wote, wazee wetu ndiye waliyemjua. Sato wa Nile alipokuja na sangara akapanda, ngege akatoweka karibu ziwa zima.

#22 Nahodha_Mstaafu
Ni kweli. Ngege nimemla. Na sangara nilimwona mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, hakuna aliyejua apikwe vipi. Watu waliona mafuta yake mengi wakamkataa. Leo mabondo yake, vile vifuko vya hewa vya tumboni, yanauzwa bei ya dhahabu na mapanki, mifupa inayobaki minofu ikitolewa, yanagombaniwa.

#23 MpenziWaFuru
Hapo MdauKisumu kagusa jambo linalorudi kwenye mada. Ngege hakufa wote. Yuko Ziwa Kanyaboli, Siaya, kaziwa kadogo kalikotenganishwa na ziwa kubwa kwa mafunjo. Sangara hapiti humo. Furu kadhaa waliodhaniwa wamekwisha nao wamekutwa humo. Yaani katika maisha yetu wenyewe tumeona: janga linapiga ziwa kubwa, kaziwa ka pembeni kanahifadhi mbegu. Kwangu mimi hoja ya vidimbwi ina nguvu.

Na janga lenyewe tusilipite haraka. Sangara alipolipuka miaka ya 1980, aina zipatazo 200 za furu zinahesabiwa kuwa zilipotea, nyingi hata kabla hazijapewa jina. Sehemu kubwa ya tunayoyajua ni kwa sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wakifanya kazi na wenzetu hapa Ghuba ya Mwanza toka mwisho wa miaka ya 1970, wakawa wanahesabu wakati wanapotea. Inaniuma kila nikifungua chupa za vielelezo vyao.

#24 KijanaWaIgoma
Sawa. Na mawe? Bismarck alipoliweka lile jiwe lake majini pale Kamanga, Mwanza, ziwa lilikuwepo?

#25 Ticha_Misungwi
Bismarck hakuweka jiwe na hakuwahi kukanyaga Afrika. Wajerumani waliliita kwa jina la kansela wao. Jiwe lenyewe ni la mwamba wenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, sehemu ya kitako kigumu cha Tanzania ya kati. Ziwa limekuja juzi, likakuta mawe.

Na hayakupangwa na mtu. Mwamba ulikuwa chini ya udongo, una nyufa za wima na za ulalo. Maji yakapita kwenye nyufa kwa muda mrefu, yakaulainisha pembeni, kona zikaliwa zikawa mviringo. Kisha udongo ukasombwa, mawe yakabaki yamebebana. Angalia Igogo au Bugando kunapochimbwa msingi: utaliona jiwe la duara bado limo ndani ya udongo mwekundu uliooza, halijatoka.

#26 MwanaKirumba
Hilo la msingi nimeliona kwa macho yangu na sikuwahi kujua maana yake. Kwa hiyo wakati ziwa limekauka, kisiwa cha Saanane kilikuwa kilima cha mawe katikati ya majani.

#27 Ticha_Misungwi
Ndivyo. Na Ukerewe mlima.

#28 MkereweNansio
Nimefurahi kusikia. Wakerewe tulikuwa juu tangu zamani.

#29 Mhaya_wa_Kashai
Juu bila maji. Mngekuja Kagera kuomba.

#30 MsomajiKimya
Swali la pembeni. Kama ziwa lilikuwa kavu, Nile ilikuwa inatoka wapi?

#31 Ticha_Misungwi
Nile Nyeupe haikupata maji ya huku kabisa. Ziwa lilipojaa tena na kumwagika upande wa Jinja, kama miaka 14,500 iliyopita, ndipo mto huo ukapata nguvu upya. Fikiria sasa Speke, mpelelezi Mwingereza, tarehe 3 Agosti 1858, amesimama hapa Mwanza na akina Sidi Mubarak Bombay, anaona maji na kusema moja kwa moja hiki ni chanzo cha Nile. Alipatia, na Burton, mwenzake wa safari aliyebaki Kazeh, Tabora, akabishana naye mpaka mwisho. Ila Bombay, Myao aliyevuka bara hili zaidi ya Wazungu wengi, hatajwi hata kwenye mtaa mmoja ninaoujua hapa mjini.

#32 KijanaWaIgoma
Narudi kwenye furu. Kama wanazaliana ovyo kama walivyosema wale wa nne, mbona wasiwe aina moja tu?

#33 MpenziWaFuru
Umeuliza vizuri. Kwa sababu jike anachagua, na anachagua kwa rangi. Kuna wawili wanaoishi kwenye miamba ya visiwa vya ghuba yetu. Mmoja dume lake ni la kijivu na bluu lenye mistari, jina lake la kisayansi ni Pundamilia pundamilia. Wa pili dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano, na anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Ndiyo, Baba wa Taifa ana samaki, alitangazwa na watafiti wa Leiden 1985.

Visiwani kwenye maji meupe, hawa wawili hawachanganyiki. Jike wa nyererei anamtaka mwekundu. Lakini ndani ya ghuba, ambako maji yamechafuka kwa udongo na mwani, rangi hazionekani, na wanakutwa chotara. Maji yakiwa machafu ya kutosha, aina mbili zinarudi kuwa moja. Kila kilima tunachokikata miti hapa Mwanza kinashusha udongo humo.

#34 Mama_Dagaa
Mwalimu ana samaki na hakuna aliyetuambia sokoni! Nitamtambuaje?

#35 MpenziWaFuru
Mdogo, kama kidole cha kati, dume jekundu juu. Ukimpata mpige picha angali mbichi, akifa rangi inakwenda upesi.

#36 KijanaWaIgoma
Jambo la mwisho ndugu. Kabla ya ukame, ziwa la zamani lilikuwa na furu wa aina ngapi? Maana kama walikuwa 500 wakafa wote, halafu wakaja 500 wengine, hiyo ndiyo habari kubwa kuliko ya vijizizi.

#37 MpenziWaFuru
Watafiti wamechuja matope yale ya chini ya ziwa na kuokota meno na magamba madogo kama punje ya mchanga. Wamewakuta furu, dagaa na jamii ya kambale toka maji yaliporudi, wote kwa pamoja. Yaani furu hawakuwatangulia wenzao, wote walifika mapema, lakini furu ndio waliogawanyika namna hii. Meno hayo yanataja kundi na chakula chake, hayataji kila aina.

#38 Mhaya_wa_Kashai
Wote walifika kwa pamoja, kwa sababu wote walipitia Kagera.

#39 Ticha_Misungwi
Au wote walikuwa kwenye vinamasi vya Mara na Simiyu, wanangoja.

#40 MkereweNansio
Nimekumbuka. Nyuma ya kijiji chetu kuna kidimbwi, mafunjo yamekizunguka, hakiunganiki na ziwa isipokuwa mwaka wa mafuriko. Watoto huvua humo kwa chandarua furu weusi wenye madoa ambao ziwani siwaoni. MpenziWaFuru, unaweza kuja kuangalia?

#41 MpenziWaFuru
Nitumie ujumbe leo hii. Usiwaache watoto wawamalize. Na kama una simu yenye kamera nzuri, piga mdomo na mkia, ubavu wa kushoto.

#42 KijanaWaIgoma
Nina pikipiki na feri naijua. Twende wote.